Hamasa huja na kuondoka: mwongozo wa kujenga afya kwa ahadi na mazoea

Hakuna anayefunga Ramadhani kwa kuwa siku hiyo ameamka akijisikia kufunga. Kabla ya alfajiri usingizi ni mtamu kwa kila mtu, lakini taa zinawashwa, daku linaliwa, na kutwa nzima dereva, fundi, muuza samaki na mwanafunzi wanakaa bila tone la maji katika joto la Mombasa au Dar es Salaam. Watu hao hao, miezi miwili baadaye, utawasikia wakisema wameshindwa kuacha soda kwa sababu hawana hamasa. Naamini uwezo wanao, maana wameshauonyesha. Walichokosa mbele ya soda ni vitu vinne ambavyo funga inavyo: nia iliyowekwa kabla ya wakati, mpaka unaojulikana, watu wa kwenda nao, na utaratibu wa kulipa siku iliyopotea.

Mwongozo huu unachukua vitu hivyo vinne na kuvipeleka kwenye mwendo wa miguu, chumvi, sukari na dawa. Nimemlenga mtu mzima wa mjini anayekaa ofisini au dukani kutwa, aliyeambiwa zahanati kwamba presha au sukari imeanza kupanda. Wa namna hiyo ni wengi. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2012 ulikuta karibu robo ya watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu, na ule wa Kenya wa mwaka 2015 ulipata kiwango kinachokaribia hicho.

Hamasa itumie siku inapokuja

Hamasa huletwa na jambo: maneno ya daktari, msiba wa mtu wa rika lako, suruali isiyofunga. Ikija, inakuja kwa nguvu, na ndipo mtu anapoahidi kukimbia kila asubuhi, kuacha wali, kuacha sukari na kulala saa tatu, yote kuanzia Jumatatu. Kisha mshahara unachelewa, mtoto anaugua, mvua inanyesha siku tatu mfululizo, na ile nguvu iliyobeba ahadi zote hizo haipo tena.

Hamasa ifanyie kazi zinazomalizika kwa siku moja. Siku unapojisikia, nenda ukapime presha na sukari. Nunua raba. Kaa na familia mzungumze kuhusu chumvi ya jikoni. Tafuta jirani wa kutembea naye. Kazi hizo zikishafanyika, hazitarudi nyuma hata hamasa ikiondoka. Zile za kurudiwa kila siku zipe msingi mwingine, ambao ndio sehemu iliyobaki ya maelezo haya.

Kupima nakusisitiza. Presha ya juu kwa kawaida haiumi, na mtu anaweza kuishi nayo miaka bila kujua. Kama una ugonjwa wa moyo, kisukari, ujauzito au maumivu ya viungo, muulize mhudumu wa afya aina ya mazoezi inayokufaa kabla ya kuanza. Ukiwa unatembea ukapata maumivu ya kifua, pumzi kukatika au kizunguzungu, acha na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya kwanza: chagua tendo moja

“Nataka kupungua kilo kumi” ni matokeo. Huwezi kuamka saa kumi na mbili asubuhi ukafanya kilo kumi. “Nitatembea dakika kumi” ni tendo, na jioni utajua kwa hakika kama umelifanya au hukulifanya. Kilo zitakuja au zitachelewa kwa sababu nyingi zilizo nje ya mikono yako. Tendo liko mikononi mwako.

Chagua moja tu. Najua inaudhi kuambiwa usubiri wakati mwili unadai mambo matano kwa pamoja, lakini mazoea mapya yanataka kukumbukwa na kulindwa, na mtu mwenye kazi na watoto hana uangalizi wa kugawa mara tano. Kama hujui uanzie wapi, anza na kutembea. Hakuna ada, hakuna kifaa, na kunafaa karibu kila umri. Isipokuwa kama umeandikiwa dawa: basi tendo lako la kwanza ni dawa, na sehemu yake iko hapo chini.

Hatua ya pili: weka nia yenye saa, mahali na kianzio

Mwaka 2002 watafiti wa saikolojia nchini Uingereza walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 248 wa chuo kikuu. Waliwagawa makundi matatu. La kwanza liliandika tu mazoezi liliyofanya. La pili lilisoma pia maelezo ya kuhamasisha kuhusu ugonjwa wa moyo na faida za mazoezi. La tatu lilisoma maelezo hayo hayo, kisha kila mmoja akaandika siku, saa na mahali ambapo angefanya angalau dakika 20 za mazoezi wiki inayofuata. Katika kundi la kwanza waliofanya walikuwa asilimia 38, la pili 35, la tatu 91. Maneno ya kuhamasisha peke yake hayakusogeza kitu. Kilichosogeza ni sentensi moja iliyoandikwa.

Andika ya kwako. Iwe na umbo hili: baada ya jambo fulani ninalolifanya kila siku, nitafanya tendo langu, mahali fulani, kwa muda fulani. Kwa mfano:

“Baada ya sala ya alfajiri, kabla ya kuvua kanzu, nitatembea kutoka msikitini hadi barabara kuu na kurudi.”

“Jioni nitashuka daladala kituo kimoja kabla ya changu, na kumalizia kwa miguu.”

“Nikishafunga duka, kabla ya kugusa simu, nitazunguka uwanja wa shule mara mbili.”

Kianzio kizuri ni kile kinachotokea upende usipende. Adhana, kushuka kwenye gari, kufunga duka, kumpeleka mtoto shule: hivi haviulizi unajisikiaje. “Nikipata nafasi” si kianzio, kwa kuwa mjini nafasi haipatikani, huporwa. Saa peke yake nayo si imara sana, maana saa kumi na mbili jioni inaweza kukukuta kwenye foleni ya magari. Tukio hukufuata popote ulipo.

Kina mama na dada wanaorudi gizani wapange kianzio cha mchana au cha kuandamana na wenzao. Njia isiyo na taa haifai kuwa sehemu ya nia ya mtu yeyote.

Hatua ya tatu: liwe dogo kiasi cha kukosa kisingizio

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani, yaani mwendo unaokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Huko ndiko tunakoelekea, ila hatuanzii huko. Anza na dakika kumi. Kisha weka kima cha chini cha siku mbaya, dakika tatu au tano, ambacho utakifanya hata ukiwa umechoka, una huzuni au una wageni.

Wengi hudharau kima cha chini kwa kuwa dakika tatu hazipunguzi tumbo, na kwa siku hiyo moja ni kweli. Kazi yake ni kulinda kile kiungo kati ya kianzio na tendo, ili mwili uendelee kujifunza kwamba ukishuka daladala, unatembea. Waislamu wanaijua hadithi mashuhuri isemayo kwamba amali apendazo zaidi Mwenyezi Mungu ni zile zinazodumu, hata zikiwa chache.

Usijiongezee siku unapojisikia vizuri. Ukitembea saa nzima Jumamosi kwa furaha, Jumapili miguu inauma na dakika kumi zinaonekana mzigo. Kwa wiki za mwanzo, siku njema na siku mbaya zifanane.

Hatua ya nne: panga nyumba ikusaidie

Mpaka ukiwekwa ndani ya nyumba, huhitaji kubishana na nafsi kila saa. Raba zikae mlangoni, si chini ya kitanda. Chupa ya maji iwe mezani, soda isiingie ndani ya nyumba kabisa. Atakayeitaka aifuate dukani.

Jikoni ndipo penye kazi kubwa, na hapa nitakaa kidogo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kadiri ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Nani anapima mchuzi kwa gramu? Hakuna. Basi pima pakiti. Nunua pakiti ya nusu kilo na uandike juu yake tarehe uliyoifungua. Kwa nyumba ya watu wazima watano, gramu 5 kila mmoja ni gramu 25 kwa siku, na nusu kilo inatakiwa ifike siku 20. Kwa kuwa mkate, samaki wa chumvi, achari na viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi vina chumvi yao, pakiti yenu inapaswa kuzidi hapo. Na kama kuna watoto, izidi zaidi. Ikiisha siku ya kumi na mbili, jibu mmelipata bila kumlaumu mtu. Pakiti inayofuata ilengwe siku mbili au tatu zaidi. Ulimi huzoea chumvi kidogo ukipewa wiki kadhaa, na ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na nazi vinasaidia sana katika kipindi hicho. Kopo la chumvi liondoke mezani, maana mkono hulifuata kabla ya kuonja.

Sukari ifanyie vivyo hivyo. Kiwango cha juu ambacho Shirika hilo linashauri ni karibu gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na nusu ya hapo ni bora zaidi. Soda moja ya mililita 350 pekee inaweza kubeba vijiko vinane au tisa vya chai, yaani zaidi ya gramu 30. Chai ya asubuhi yenye vijiko vitatu ishuke hadi viwili na nusu kwa wiki mbili, kisha viwili. Mwendo huo wa polepole mgeni hautambui, na watoto hawalalamiki.

Mpishi wa nyumba lazima awe sehemu ya ahadi. Mume anayeamua peke yake kwamba chakula kiwe na chumvi kidogo, halafu akamwachia mkewe kazi ya kupika sufuria mbili, ameweka mzigo juu ya kichwa cha mwingine. Kaeni chini, mkubaliane kuhusu sufuria moja. Hakuna anayedhurika kwa kula chakula cha mgonjwa wa presha.

Hatua ya tano: ahadi iwe na shahidi

Ahadi ya siri huvunjwa kwa siri. Mwambie mtu mmoja unayemheshimu tendo lako ni lipi, kianzio ni kipi, na umuombe akuulize kila Ijumaa au Jumapili. Bora zaidi, tembea naye. Vikundi vya jogingi vinavyojaza barabara za Dar es Salaam alfajiri za mwisho wa wiki vinafanya kazi kwa sababu hii: mtu anatoka kitandani kwa kuwa wenzake wanamngoja kona.

Fedha nayo inaweza kushuhudia. Magharibi mwa Kenya, watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwajaribia wanachama wa vyama vya upatu njia mbalimbali za kuweka akiba ya afya, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba hata sanduku la kawaida lenye kufuli, ndugu wa kibubu chetu, liliongeza matumizi kwenye kinga ya maradhi. Huko Ufilipino, benki moja ya kisiwa cha Mindanao iliwaruhusu wavutaji sigara kuweka fedha kwa miezi sita. Kama kipimo cha mkojo kingeonyesha nikotini mwishoni, fedha zingeenda kwa wenye shida. Wachache walikubali, na matokeo hayakuwa makubwa, lakini waliopewa nafasi hiyo waliacha sigara zaidi kuliko wenzao, na tofauti ilionekana hata mwaka mmoja baadaye.

Ukitaka kutumia njia hii, tafadhali ifanye kwa busara. Kiasi kiwe cha kuuma kidogo bila kuvuruga bajeti ya nyumba. Fedha ya aliyeshindwa isiende mfukoni mwa aliyeshinda, maana hapo mmeingia kwenye kamari na uhasama. Iende sadaka, au mfuko wa kununulia matunda ya kikundi. Na faini iwe kwa kutofanya tendo, kamwe isiwe kwa uzito wa mwili. Kumtoza mtu kwa kilo zake ni kumdhalilisha.

Dawa za presha na sukari

Hapa kutegemea hamasa kunaua. Mtu anaandikiwa dawa akiwa na hofu, anameza kwa wiki tatu, presha inashuka, anajisikia mzima, anaacha. Anajisikia mzima kwa sababu anameza. Presha inapanda tena kimyakimya, na safari inayofuata inaweza kuwa ya kiharusi.

Funga dawa kwenye kianzio kama vile ulivyofunga mwendo. Dawa ya asubuhi ikae karibu na mswaki, mbali na mikono ya watoto. Vidonge vya wiki vigawe siku moja, kwenye kiboksi chenye vyumba saba au bahasha ndogo zilizoandikwa Jumatatu hadi Jumapili. Bahasha ikiwa tupu, umemeza, na huna haja ya kujiuliza. Nenda kachukue nyingine zikiwa zimebaki za siku saba, kwa kuwa dawa inaweza kukosekana ukifika. Ukisafiri, ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Na kama dawa inakuletea kikohozi, kizunguzungu au udhaifu wa tendo la ndoa, mwambie daktari waziwazi. Zipo za kubadilisha. Kuacha kimya kimya kwa aibu ndiko kunakoleta madhara.

Mgonjwa wa kisukari au presha anayetaka kufunga Ramadhani amuone daktari wiki kadhaa kabla, ili ratiba na kipimo cha dawa vipangwe upya.

Hatua ya sita: weka alama, na uwe na subira ya miezi

Tundika kalenda ukutani, na kila siku uliyofanya tendo weka alama kwa kalamu. Andika tendo tu. Uzito unaweza kuupima mara moja kwa mwezi, lakini usiupe kalenda hiyo. Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42.2 kwa saa 1:59:40 jijini Vienna mwaka 2019, anajulikana kwa kuandika mazoezi yake kwenye madaftari kwa miaka mingi, na kwa kuishi kambini Kaptagat siku za kazi, kwa ratiba ile ile na zamu za usafi kama wenzake. Kama mwenye kipaji kile anahitaji daftari na ratiba, sisi tunahitaji zaidi.

Itachukua muda gani tendo lianze kujifanya lenyewe? Watafiti wa University College London wakiongozwa na Phillippa Lally waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijaribu zoea moja jipya la kula, kunywa au mazoezi. Mtu wa katikati alihitaji siku 66, wengine siku 18 tu, na wengine walikadiriwa kuhitaji hadi 254. Waliochagua mazoezi walichelewa kuliko waliochagua jambo jepesi kama kunywa maji. Kwa hiyo ukiwa wiki ya tano na bado unajivuta, hujashindwa na mwili wako si mbovu. Uko katikati ya njia. Utaijua dalili ya kufika: siku usiyotembea utahisi kuna kitu umekisahau nyumbani.

Hatua ya saba: panga siku za kuanguka kabla hazijafika

Lally na wenzake waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa zoea. Kinachoharibu ni hukumu ya baada ya hapo, pale mtu anaposema “nimeshaharibu” na kujipa likizo mpaka mwezi ujao. Funga imelijibu hili kwa hekima: mgonjwa na msafiri wana ruhusa, kisha siku inalipwa, na hakuna anayesema kwamba kwa kuwa Jumanne ilinipita basi mwezi wote umeisha. Jiwekee kanuni hiyo. Siku moja ikipita, kesho ni lazima, hata kwa kima cha chini.

Kisha kaa na karatasi uandike vikwazo unavyovijua vya mwaka, na jibu la kila kimoja. Masika yakikata njia: nitaruka kamba au kupanda na kushuka ngazi dakika kumi. Msiba: nitafanya kima cha chini, na nitaomba kazi ya miguu, kama kuchota maji au kwenda sokoni, badala ya kukaa chini ya turubai kutwa. Harusi: sahani moja ya pilau, kachumbari nyingi, maji. Safari ya basi: nitazunguka kila linaposimama. Mimi mwenyewe nikiugua: napumzika bila deni, na nikipona naanza na dakika tano. Wageni ndio kikwazo kigumu kuliko vyote, kwa kuwa ukarimu wetu una sukari na mafuta ndani yake; mwambie mgeni “twende tukanyooshe miguu kabla ya futari” au kabla ya chakula cha usiku, na wengi wao hufurahi.

Lini kuongeza

Ukiona wiki nne mfululizo kalenda imejaa isipokuwa siku moja mbili, ongeza dakika tano kwenye tendo lile lile, na uendelee hivyo hadi dakika 30 kwa siku tano. Hapo umefika 150. Kisha ingiza siku mbili kwa wiki za nguvu za misuli: kuchuchumaa na kusimama mara kumi, pushapu za ukutani kwa asiyeweza za sakafuni, kubeba ndoo mbili za maji zenye uzito sawa.

Jambo la pili, iwe sukari au usingizi, lianze baada ya la kwanza kutulia, nalo lipitie hatua zile zile: tendo, kianzio, kima cha chini, shahidi. Baada ya miezi mitatu rudi zahanati na kalenda yako mkononi. Pumzika dakika tano umekaa kabla ya kupimwa presha, mgongo umeegemea na miguu ikiwa sakafuni, mwonyeshe mhudumu ulichofanya, na mwandike pamoja namba mpya pembeni ya ile ya kwanza.